Mbwa Akikata Kamba, Nani Alipe?

Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili aliniuliza swali darasani, nami naona yafaa nilijibu hapa ili wazazi nao wapate kulisoma. Mbwa wa jirani yao alikata kamba usiku, akavunja banda, akaua kuku wa mama yake. Jirani asema mbwa hana akili, basi hakuna wa kudaiwa. Je, ni kweli?

Mbwa hashtakiwi, ni kweli. Anayedaiwa ni mwenyewe. Lakini mdai ana kazi ya kufanya.

Sheria ya fidia tuitumiayo Tanzania Bara shina lake ni hukumu za majaji wa Kiingereza, zilizopokewa Tanganyika kama sheria ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Kwa sheria hiyo mdai huthibitisha moja ya mambo mawili. Ama mwenye mbwa alijua tabia mbaya ya mbwa wake, na hapo atalipa hata kama alimfunga vizuri. Ama alifanya uzembe, mathalani kumfunga kwa kamba iliyochakaa. Ugumu wa kanuni hii ulionekana Uingereza mwaka 1926, katika kesi ya Buckle na Holmes. Paka aliingia kwa jirani akaua njiwa na kuku. Mwenye paka hakulipa kitu, kwa kuwa kuwinda ndege ni maumbile ya paka wote, wala huyu hakuwazidi wenzake.

Waingereza wenyewe wameulegeza ugumu huo kwa upande wa mbwa. Sheria yao ya Wanyama ya mwaka 1971 yasema mbwa akiua mifugo, kuku na bata wakiwamo, mwenyewe hulipa hata kama hakujua tabia yake. Tena mbwa akiwa mali ya mtoto wa chini ya miaka 16, mkuu wa nyumba naye hudaiwa. (Wazazi wanaowapa watoto mbwa wangependa kulijua hilo!) Kwa maoni yangu hiyo ni haki zaidi, maana mwenye kuku atajuaje siri za mbwa wa mwenzake? Lakini sheria hiyo si yetu.

Kwa hiyo mbwa anapofukuza kuku mara ya kwanza, hata asipoua, mwendee jirani kwa adabu ukamwambie mbele ya mwenyekiti wa mtaa au mtu mzima mwingine. Tangu siku hiyo hawezi kusema hakujua. Hasara ikitokea, onyesheni mizoga na kamba iliyokatika kabla havijatupwa, mkaandike idadi ya kuku na bei yao sokoni.

Wala msimfuate mbwa kwao na panga. Kumpiga ili kuwaokoa kuku, ikiwa hakuna njia nyingine, sheria yaweza kukuruhusu. Kumwua kesho yake akiwa amelala kwao kutamfanya jirani awe mdai, nawe mdaiwa.