Noti ya Zamani Iliyobaki Sandukuni Ina Thamani Gani?

Noti iliyoondolewa kwenye mzunguko bado ni mali?
Dukani hapa Utende, kisiwani Mafia, hapana. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda wa kubadilisha, 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, kwa noti za shilingi 20 hadi 10,000 za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010. Sasa si fedha halali. Mkusanyaji wa noti anaweza kuinunua, lakini iliyochakaa haimvutii.

Kadiri inavyozeeka ndivyo inavyopanda bei?
Wengi huamini hivyo, na sivyo. Chukua mfano wa noti za Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliiteka Mafia kutoka kwa Wajerumani Januari 1915. Wajerumani waliokuwa bara walikuwa wamezibiwa bahari, noti hazikuwafikia kutoka kwao, wakachapa za rupia humu humu nchini. Ile ya rupia 1 imepita miaka 100, lakini zimebaki nyingi, na bei yake si kubwa. Noti za Serikali ya Zanzibar za 1908, zenye picha ya jahazi, zimebaki chache mno; hizo hugombewa minadani.

Niangalie nini?
Hali yake kwanza. Ishike kwenye kingo, uiinulie mwangani: mikunjo, tundu za pini, kutu, maandishi ya kalamu, pembe zilizolika. Wapimaji huipa alama 1 hadi 70, na mkunjo mmoja tu wa katikati hushusha bei sana. Kisha soma namba, maana namba ndogo sana hutafutwa. Mwisho tazama sahihi za Waziri wa Fedha na Gavana, hasa kwa noti za kwanza za 1966 ambazo hazikuandikwa mwaka. Ya shilingi 100 ilitolewa na migongo miwili tofauti: mmoja una mchungaji wa Kimasai, mwingine wanyamapori.

Niifue ing'ae?
Usithubutu! Wala usiipige pasi, usiibandike selotepu. Wanunuzi huitambua noti iliyofuliwa mara moja, na hasara hiyo haifutiki. Kwa upepo wa chumvi wa pwani yetu, ilaze bila kuikunja, mahali pakavu, mbali na jua.

Bei nitaijuaje?
Tafuta noti ya toleo lile lile na hali ile ile iliyokwisha kuuzwa mnadani. Bei anayoitangaza muuzaji ni ombi lake tu. Mgeni wa hotelini akikuomba umuuzie papo hapo, mwambie asubiri. Na anayedai umlipe kwanza ili akutafutie mnunuzi, usimpe hata senti.