Ua la Mpapai na Mgeni Wake wa Usiku

Wengi hudhani ya kuwa uzuri wa ua umewekwa kwa ajili ya macho ya mwanadamu. Lakini mwaka 1793 Mjerumani Christian Konrad Sprengel alitoa kitabu akieleza kwamba madoa na michirizi ya ua humwongoza mdudu hadi kwenye mbochi, yaani yale maji matamu yaliyomo ndani. Mdudu akinywa, hupakwa chavua, naye huipeleka kwenye ua jingine. Baadaye Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alithibitisha kuwa nyuki hutambua rangi. Nyekundu haioni kama tuionavyo sisi, bali huona nuru iliyo ng'ambo ya zambarau, ambayo kwetu ni giza tupu.

Hayo ni ya mchana. Je, usiku, rangi zisipofaa kitu?

Utazame mpapai. Mpapai dume hutoa maua membamba yenye neli, yakining'inia kwenye vikonyo virefu; jike hutoa maua makubwa yaliyokaribiana na shina. Jioni hunukia, na weupe wake huonekana gizani. Ndipo hufika nondo wakubwa wenye mbio, ambao husimama angani mbele ya ua na kuingiza mrija wao. Ua dume huwalipa mbochi. Ua jike halina hata tone! Kwa kuwa lafanana na dume, nondo hulijia kwa kukosea, huacha chavua, akaenda zake mikono mitupu.

Hapa ndipo wakulima wengi hujidhuru. Wakiona mipapai isiyozaa, huikata yote. Kisha majike huchanua na maua mengi kupukutika, nao husingizia udongo, au (jambo baya zaidi) husuda ya jirani. Dume mmoja huweza kutosha majike kumi au zaidi. Basi usikate mpaka umehesabu. Ipo pia mipapai yenye jinsia zote mbili katika ua moja, nayo hujitosheleza.

Ukiisha kumwacha dume, kumbuka na kichaka kilicho pembeni mwa shamba, maana viwavi wa nondo hao hula majani ya mwituni. Tena dawa ya wadudu isinyunyizwe jioni maua yanapofunguka.