Siyo Kila Aliyekuumiza ni Msaliti

Leo nazungumza na mdogo wetu mmoja wa Miyuji, Dodoma, ila wengine nanyi sogeeni, maana lililompata yeye linawapata wengi. Ni mtumishi wa serikali. Serikali ilipohamia Dodoma naye akahama, mume akabaki Dar es Salaam na kazi yake. Sasa amegundua mume ana mwanamke mwingine. Shoga yake wa karibu alilijua siku nyingi, akanyamaza. Mama mkwe, aliyemwahidi kusimama naye, alipofika kwenye kikao cha familia akamtetea mwanawe. Mdogo wangu akaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, akawaita wote watatu wasaliti, na kwa mume akaongeza: mhaini. Ukoo sasa umemnunia yeye. Anauliza, "Dada, kosa langu liko wapi?"

Pole sana, mdogo wangu. Umeumizwa kweli. Ila umewabebesha watu watatu kosa moja, ndiyo maana hakuna anayejibu la kwake.

Uhaini uondoe kabisa. Hilo ni kosa la kuiasi nchi, na adhabu yake katika sheria zetu ni kifo. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi akiwaingiza wanawake katika chama cha TANU, alikamatwa mwaka 1969 kwa tuhuma hiyo, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam inaitwa kwa jina lake. Neno lililomwangukia mtu kama yule si la kurushiana kwenye simu. Mumeo hakuiasi nchi, amekukosea wewe.

Na kwa mumeo, neno usaliti ni la haki. Msaliti ni yule mliyefungamana naye, ukamwamini, naye akakuvunjia ahadi kisirisiri. Yuda ni msaliti kwa sababu alikula meza moja na Bwana wake. Adui wa nje hasaliti, anashambulia tu. Usikubali mume alipunguze kosa kwa kusema "nilichepuka tu." Kuchepuka ni neno la mtaani, linafanya jambo lionekane kama mtu aliyekata kona kidogo akarudi barabarani. Mahakamani huitwa ugoni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inauhesabu ugoni kuwa moja ya dalili kwamba ndoa imevunjika, hasa ukirudiwa, au ukiendelea baada ya mwenzake kulalamika.

Yule mwanamke wa Dar je? Hakukuahidi kitu, kwa hiyo hajakusaliti. Lakini sheria hiyo hiyo inamruhusu mke, sawa na mume, kumdai fidia mtu aliyefanya ugoni na mwenzi wake. Akithibitisha kwamba hakujua wala hakuwa na namna ya kujua kuwa mwanaume ana mke, anaweza kuponea hapo. Kwa hiyo usimtukane kabla hujajua aliambiwa nini.

Shoga yako ndiye wa kupimwa kwa makini. Kama alinyamaza kwa kuogopa kukuvunjia nyumba, huo ni woga. Unauma, lakini unasameheka. Kama alikuwa akija kwako kumsifu shemeji huku moyoni anajua, huo ni unafiki. Kama alichukua maneno yako akampelekea mumeo, na ya mumeo akakuletea wewe, huyo ni ndumilakuwili, usimpe siri tena. Na kama siku za mumeo kutokuwa na wewe alizijua kutoka kwako akazitumia kuwapangia wakutane, hapo amekuzunguka, na urafiki umekwisha. Bado hujajua ni lipi kati ya hayo. Muulize.

Mama mkwe amekugeuka. Angesimama kikaoni akasema hakuwahi kukuahidi chochote, tungesema amekuruka. Hakufanya hivyo; alimwona mwanawe amebanwa, moyo wa mama ukamshinda. Ni ukigeugeu, na kigeugeu unaweza kuishi naye ukijua kwamba ahadi zake hazibebi mzigo mzito.

Fanya hivi, mdogo wangu. Futa ule ujumbe, na uombe radhi kwa neno mhaini peke yake. Neno msaliti ulilomwita mumeo usiliombee radhi. Nenda kapime afya yako kabla hamjalala kitanda kimoja tena, na yeye apime. Zungumza na shoga uso kwa uso, mko wawili. Mama mkwe msalimie kama kawaida, ila usimwachie tena kukusemea.

Kisha kaa na mumeo, bila ukoo. Asikwambie "samahani kwa yaliyotokea". Aseme alichofanya, na aseme kimekwisha au hakijaisha. Akikiri na akaacha, mnayo sababu ya kujadili nani ahame ili muishi pamoja, maana umbali umewapa tabu. Akikataa, peleka shauri kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, maana kwa kawaida mahakama haipokei ombi la talaka kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha. Ukifika mbele yao usiseme "wote wamenisaliti". Sema nani alifanya nini, lini, na wewe unataka nini.