Unguja na watoto: tazama mwezi kabla ya kutafuta hoteli

Wazazi wengi wa Dar es Salaam hupanga safari ya Unguja kwa kuulizia bei ya chumba. Nakusihi uanze na kalenda ya mwezi. Mtoto haendi kule kuona kitanda, anakwenda kuoga baharini, na bahari hiyo ina saa zake.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku ratiba husogea mbele kwa dakika kama 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana, hata tofauti ikakaribia mita nne. Siku hizo maji ya Unguja hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kuelekea saa nne au saa tano asubuhi. Familia iliyofika Paje au Jambiani, pwani ya mashariki, tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, ikashuka pwani baada ya chai, itakuta mchanga mtupu na mashamba ya mwani, mawimbi yakivunjika mbali kule kwenye mwamba. Maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ndiyo rafiki wa watoto. Ukienda karibu na tarehe 8 au 23 za mwezi huohuo, maji hujaa asubuhi, na hayaendi mbali yanapopwa.

Likizo za shule hazifuati mwezi, najua. Ikiwa tarehe huna uwezo nazo, basi chagua pwani. Nungwi na Kendwa, kaskazini kabisa, hukosi maji ya kuogea karibu siku nzima. Mashariki ni pazuri pia, ila kwa kazi nyingine: maji yakipwa, watembeze watoto kwenye vidimbwi waone kaa na viti vya pweza. Wavalishe yeboyebo zilizofungwa nyuma ya kisigino, maana kandambili huchomoka kwenye tope na wale viumbe weusi wenye miiba mirefu hawana huruma na nyayo. Waambie wasikanyage kamba za mwani. Ni mali ya kina mama wanaolima pale. Na geuzeni kurudi mara maji yanapoanza kuingia. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, na kina kinachomfika mtu mzima mapajani kinamfika mtoto wa miaka mitano kifuani.

Upepo nao una msimu wake. Kaskazi, Desemba hadi Machi, kwa kawaida huacha bahari tulivu zaidi kwa boti. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, na likizo ya Juni inaangukia humo. Boti ya kasi kutoka Dar huchukua kama saa mbili, ukiwa na upepo mgongoni. Kurudi ndiko kugumu, kwa sababu boti inaukabili upepo na mawimbi yake.

Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaolewa bahari zaidi. Kaeni chini, katikati au nyuma ya boti, ambako mtikisiko ni mdogo. Mnyang'anye mtoto simu, kwa upole lakini bila mjadala, umwoneshe mstari wa mbali ambako mbingu inakutana na bahari. Asubuhi ale mkate mkavu au uji mwepesi. Mchuzi wa nazi utasubiri Unguja. Dawa ya kuzuia kichefuchefu mwulize mfamasia siku moja kabla, kwa umri na uzito wa mtoto, na umpe kabla ya kupanda, kwani akishaanza kutapika haitakaa tumboni. Usimkatie kidonge chako nusu. Beba kopo lenye mfuniko na nguo za kubadili, moja yako pia. Usisahau vyeti vya kuzaliwa, vitakusaidia kwenye nauli ya mtoto.

Hapa nasema kwa uchungu. MV Spice Islander I ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa imepakia watu kupita kiasi. MV Skagit ikafuata Julai 2012, karibu na Chumbe. Walikuwamo watoto. Ukiona chombo kimejaa hadi watu wamekaa njiani, shuka, hata kama nauli imeshalipwa. Kwenye mashua ndogo za kwenda visiwa vya Changuu au Mnemba, uliza jaketi la kuokolea la saizi ya mtoto kabla hujajadili bei. La mtu mzima humponyoka kichwani akiingia majini. Na yale maboya ya kupulizwa yenye sura ya bata yaacheni kwenye bwawa la hoteli. Upepo wa kutoka nchi kavu huyasukuma kwenda kilindini haraka kuliko baba anavyoweza kuogelea.

Changuu yenyewe msiikose. Ni kama nusu saa kutoka Mji Mkongwe, na wale kobe wakubwa, ambao asili yao ni Aldabra katika Shelisheli, huwashika watoto kuliko jumba lolote la makumbusho. Waacheni wawalishe majani wanayopewa na mtunzaji, wasiwapande mgongoni. Nendeni asubuhi, kisha mchana wote uwe wa kivuli na usingizi.

Jua huwachosha watoto kabla hawajasema. Wape maji kila baada ya muda mfupi, wasingoje kiu. Mtoto akiharisha na pakiti za chumvichumvi hazipo, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, umnyweshe kidogo kidogo. Akilegea au akikosa mkojo, mpelekeni hospitali mara moja.

Safari ya kurudi wakati wa kusi, kata tiketi ya boti ya kwanza ya asubuhi. Mara nyingi upepo huongezeka kadiri jua linavyopanda, na mtoto aliyeamshwa mapema hulala njia nzima.