SOMO LA KIKUNDI: MLANGONI MWA ICU

Somo letu safari hii linahusu wodi ya wagonjwa mahututi, ile ambayo sote tunaiita ICU. Tumelichagua kwa sababu ya jambo lililotupata wenyewe, na jambo hilo halitupi sifa. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

1. KISA CHENYEWE

Mume wa mwenzetu mmoja wa Kayole, mwendeshaji wa bodaboda, aligongwa na gari kwenye Barabara ya Kangundo. Aliumia kichwa na kifua, akalazwa ICU. Habari zilipofika mtaani tulifanya kama kawaida yetu: tukachanga, tukajaa kwenye matatu, tukaenda. Tulikuwa watu kumi na wanne.

Mlangoni tulikutana na nesi, msichana mdogo tu. Alitueleza kwa upole kwamba wanaoruhusiwa kuingia ni wawili, tena kwa saa maalum, na kwamba daktari atazungumza na mke wa mgonjwa. Tukakubali. Baada ya dakika chache mmoja wetu akabisha kuuliza kama mgonjwa amekula. Mwingine akabisha kuuliza kama ameamka. Mjomba akafika kutoka Machakos, naye akabisha. Mara ya sita, nesi alipochelewa kufungua, tulipandisha sauti. Mwenzetu mmoja akasema, "Nyinyi manesi hamna utu, mmezoea watu kufa!" Hakuna aliyemkanya. Nesi alitutazama tu, akafunga mlango.

Wiki tatu baadaye tulimwona kanisani. Kumbe ni binti wa jirani zetu wa Umoja! Tulikwenda kumwomba msamaha, kisha tukamwomba aje kwenye mkutano wetu atueleze kazi yake. Alikuja Jumapili alasiri. Jina lake hatulitaji, wala la hospitali.

2. ALIYOTUELEZA

Siku ile tulipomfokea alikuwa na wiki sita tu katika ICU. Chuo alikuwa amemaliza, na Baraza la Wauguzi la Kenya lilikuwa limemsajili. Lakini alisema chuo hakimfundishi mtu jinsi ya kusimama usiku mzima kando ya kitanda kimoja huku mashine tatu zinalia.

Usiku wake wa kwanza, mashine ya kupumulia ilipiga kelele. Mikono ilimtetemeka. Alianza kubonyeza vitufe, hajui ashike kipi. Nesi mkubwa wa zamu akamwambia, "Mwanangu, mtazame mgonjwa kwanza, halafu ndiyo uitazame mashine." Akageuka kumtazama: kifua hakipandi vizuri, makohozi yameziba mpira. Akayanyonya kwa mrija kama alivyofundishwa, na kelele ikakoma. Alituambia kwamba neno lile moja limemsaidia kuliko madaftari yake yote.

Tulimwuliza wanafanya nini humo ndani muda wote huo. Tuliyoyasikia ni haya:

Mgonjwa aliye kwenye mashine amewekewa mpira unaopita kinywani hadi kwenye koo la hewa. Ndiyo maana hawezi kusema wala kula kwa mdomo. Mara nyingi hupewa dawa za usingizi ili asiumie na asiung'oe mpira. Basi tukimkuta amelala kimya, haina maana kwamba amekufa na watu wanaficha. Chakula chake cha majimaji hupitishwa kwenye mpira mwembamba wa puani.

Kila saa nesi huandika mapigo ya moyo, presha, hewa, na mkojo umetoka kiasi gani. Kila baada ya saa mbili hivi mgonjwa hugeuzwa ubavu, maana akilala upande mmoja atatoka vidonda. Husafishwa kinywa, hupakwa dawa machoni yasikauke, na kichwa cha kitanda huinuliwa ili matapishi yasiingie mapafuni. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, nesi hunawa mikono. Inavyotakiwa, mgonjwa wa mashine awe na nesi wake mmoja. Manesi wakiwa wachache, mmoja hushika wawili au zaidi.

Halafu akatueleza kuhusu jioni yetu ile. Kitanda cha pili alikuwa na mama mmoja ambaye jamaa zake walikuwa bado wako njiani kutoka mashambani. Mama yule alikuwa anakata roho. Nesi alitaka kumshika mkono asiende peke yake. "Kila mlipobisha," alisema, "niliuachia ule mkono." Mara ya sita alipotuchelewea, mama alikuwa ndiyo kwanza amefariki. Alifunga mlango, akaenda kumfumba macho. Kisha akarudi kumgeuza mgonjwa wetu, kwa kuwa saa yake ya kugeuzwa ilikuwa imefika.

Mkutano ulinyamaza kimya. Yule mwenzetu aliyesema manesi hawana utu alisimama akalia mbele ya watu wote.

3. ICU ILIANZA KWA MIKONO YA WATU

Wengi wetu hudhani ICU ni mashine. Historia yatuambia vingine. Mwaka wa 1952 mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ulivamiwa na ugonjwa wa polio. Wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumua, na mashine za kuwasaidia zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen alishauri njia nyingine: kumtoboa mgonjwa kooni, kumwekea mpira, na kumpulizia hewa kwa mfuko unaobanwa kwa mkono. Wa kwanza kujaribiwa alikuwa msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kufa. Akanusurika.

Lakini ni nani angebana mfuko ule usiku na mchana, kwa majuma mengi? Waliitwa wanafunzi wa udaktari, kama 1,500 hivi. Walipokezana kwa zamu, kila mmoja kando ya mgonjwa wake, wakibana na kuachia. Vifo vikapungua sana. Mwishoni mwa 1953 Ibsen akafungua wodi maalum ya wagonjwa wa namna hiyo, na hospitali nyingi duniani zikafuata mfano huo.

Kwa maneno ya kwetu, ICU ilianza kwa harambee. Mashine zilikuja baadaye kupumzisha mikono, lakini mpaka leo haziwezi kufanya kazi bila mtu wa kuzichunga. Kenya tulijionea hayo baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa tarehe 13 Machi 2020. Serikali na kaunti zilihangaika kuongeza vitanda vya ICU na mashine, lakini kitanda bila muuguzi aliyefundishwa ni fanicha tu.

4. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Baada ya mkutano ule tulikubaliana mambo haya, nasi tunawashauri mwige.

Kwanza, msemaji awe mmoja. Jamaa wachague mtu mmoja wa kuzungumza na daktari na manesi, naye awapashe wengine habari. Mlango ubishwe mara moja, si mara sita.

Pili, waingie wachache, wanawe mikono, wasiwe na mafua. Wakifika kitandani wamsemeshe mgonjwa. Huenda anasikia ijapokuwa hawezi kujibu. Wamwite kwa jina lake, wamwambie ni siku gani na watoto hawajambo. Vilio na ugomvi wa mashamba viachwe nje.

Tatu, tutoe damu. Mgonjwa wa ajali huweza kuhitaji damu nyingi. Mwenye afya nzuri, umri wa miaka 16 hadi 65 na uzito wa kilo 50 au zaidi aweza kutoa; wanaume kila baada ya miezi 3, wanawake miezi 4. Tusingoje mpaka awe ni ndugu yetu.

Nne, tujiandae kwa gharama kabla ya ugonjwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondoka, ikaja SHA. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#. Asiye na mshahara hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na hapo ndipo mama mboga hushindwa. Kikundi kikiweka akiba kidogo kila wiki kwa jina la kila mwanachama, fedha hizo zitapatikana. Mchango wa hospitali huja wakati watu wamekwisha kuchanganyikiwa.

Tano, tusieneze uvumi. Maneno kama "akishawekwa kwa mashine harudi" yamewafanya jamaa kukataa tiba. Ni kweli wengine hufa, kwa kuwa ni wagonjwa sana walioletwa humo. Wengine hurudi. Mume wa mwenzetu alitoka ICU siku ya kumi na moja. Bado anachechemea, lakini juzi alikuja kikundini kwa miguu yake.

Sita, tuwakumbuke wauguzi wapya waishio kati yetu. Binti akitoka zamu asubuhi, tusipige redio mlangoni pake. Akimpoteza mgonjwa, apate mtu wa kumsikiliza. Huyu wetu alisema miezi ile ya kwanza alikuwa analia ndani ya matatu, na hakuna aliyemwuliza ana nini.

5. MASWALI YA KUJADILI

a) Je, tumewahi kumfokea mhudumu wa afya? Tulikuwa tunaogopa nini hasa siku hiyo?
b) Mwenzetu akilazwa leo usiku, msemaji wetu atakuwa nani?
c) Wangapi kati yetu wamelipa SHA? Wale ambao hawajalipa, kikundi kiwasaidie vipi?
d) Kuna muuguzi gani kijana mtaani mwetu? Nani atakwenda kumsalimu juma hili?

Maswali haya yasiishe kwa maneno tu. Katibu aandike jina la mtu na tarehe kando ya kila jambo mtakalokubaliana, na mkutano ujao muanze kwa kusoma orodha hiyo.