TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 9: Vijiko vya magharibi



Vijana siku hizi wananiuliza kuhusu ule mtindo wa kula ndani ya saa 8 na kukaa saa 16 bila chakula ili kupunguza mwili. "Ustadhi, si ndiyo funga yetu hii?" Hapana. Afya inaweza kupatikana kote kuwili, lakini saumu ni ibada, na lengo lake limetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 183: ucha Mungu. Na ucha Mungu hauishii kwenye adhana ya magharibi.

Hebu tuhesabu futari zetu. Lushoto jioni baridi inabana, kila mtu anataka cha moto:

▪️ Uji glasi moja: vijiko 3 vya sukari
▪️ Chai ya tangawizi vikombe viwili: vijiko 6
▪️ Soda baada ya tarawehe: kama vijiko 9

Jumla 18, na kalimati bado hatujazigusa! Kijiko cha chai ni takriban gramu 4, basi hapo ni gramu 72. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12. Na ikiwezekana abaki kwenye 6.

Sukari ni halali, sikuharamishii. Lakini Suratul A'raf, aya ya 31, inaturuhusu kula na kunywa, na hapo hapo inatukataza israfu. Mtume (s.a.w.) alifuturu kwa tende chache, na asipozipata, kwa mafunda machache ya maji. Tende ni tamu sana. Tazama uchache wake.

Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024? Sukari iliadimika, bei ikapaa mpaka serikali ikatangaza bei elekezi. Majumbani tukapunguza vijiko, na chai ikanyweka. Tuliweza kwa sababu ya bei. Tushindwe kwa ajili ya Allah?

*Wenye kisukari, someni hapa.* Kabla ya kuendelea kufunga, ongeeni na daktari wenu kuhusu dawa na saa za kumeza. Ukiwa umefunga ukaanza kutetemeka, kutoka jasho, moyo kwenda mbio au kuona mawenge, huenda sukari imeshuka. Fungua hapo hapo, kunywa kitu chenye sukari, hata kama adhana imebaki dakika 10. Aya ya 184 ya Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa ana fidia. Usione haya mbele ya watu ukahatarisha roho aliyokupa Allah. Nanyi watoto, msimwachie mzee aamue peke yake.

*Kazi ya leo:*
1. Punguza kijiko kimoja kwa kila kikombe. Ulimi utazoea taratibu.
2. Badala ya soda, kula tunda. Mapeasi na plamu zetu tunazipakia kwenda Dar, halafu sisi tunanunua soda, jamani!
3. Pesa ya soda iweke kando, Ijumaa mpelekee jirani futari.

Ewe Mola, tupe nguvu ya kujizuia usiku kama ulivyotupa mchana, na uwaponye wagonjwa wetu. Amin.

Mtumie ujumbe huu mwenye kisukari unayemjua.