Kula Samaki Kyavinyonge: Mtazame Kabla ya Moto

Ukiteremka kutoka milima yetu ya Kipese na Butembo kwenda kula samaki Kyavinyonge, ufuoni mwa Ziwa Edward, ondoka alfajiri. Wavuvi hutega nyavu jioni na kuzitoa kukipambazuka. Wachuuzi wa pikipiki huwa wanawangoja ufuoni, na kufikia adhuhuri samaki wakubwa wengi wameshapandishwa mlima kuelekea soko la Butembo. Ila kwanza mpigie simu mtu aliyeko huko, akwambie hali ya barabara na usalama ya siku ile ile. Habari za juzi hazitoshi.

Ukifika, usianze na kiti. Mwombe mama mpishi akuonyeshe samaki kabla kisu hakijamgusa. Wala si utovu wa adabu: kwenye mikahawa ya pwani ya Kroatia mhudumu huleta samaki wabichi kwenye sinia, mteja akachagua, na bei ikahesabiwa kwa kilo. Macho yawe maangavu tena yametuna. Funua mashavu, yawe mekundu. Bonyeza nyama kwa kidole. Shimo likibaki, mwache. Hapo hapo patana bei ya sahani nzima, samaki pamoja na bugali na lengalenga, na mkubaliane ni franka au dola.

Kwa kuchoma, mimi nachagua tilapia mzima, aliyechanjwa ubavuni ili chumvi na moto vifike mfupani. Samaki aitwaye Bagrus hana magamba na nyama yake ni nene. Huyo apikwe mchuzi wa nyanya na kitunguu, hasa mkiwa na watoto.

Samaki mdogo kuliko kiganja chako mkatae, hata akiwa wa bei rahisi. Tilapia jike huatamia mayai yake mdomoni na kuvilinda humo vifaranga vyake. Anayevuliwa kabla ya kukomaa hajapata kuzaa hata mara moja. Nyavu za matundu madogo zimeliumiza sana Ziwa Edward, na nyavu hizo zinaendelea kutupwa kwa sababu wanunuzi wapo. Jirani na hapo, Ishango, mto Semliki unapotoka ziwani, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 vyusa vya mfupa vya wavuvi walioishi hapo yapata miaka 20,000 iliyopita. Ziwa lililolisha watu muda wote huo linaweza kuharibiwa na kizazi kimoja, na mimi sitaki kiwe chetu.

Maji ya ziwa usinywe, kwa maana kipindupindu kinazijua pwani hizi. Nawa kwa sabuni, na kachumbari iliyooshwa kwa maji usiyoyajua iache. Nyama ya samaki iachane na mfupa yenyewe. Ikiwa bado inang'ang'ania, mrudishe jikoni. Giza likianza kuingia, ondoka ukingoni, viboko wanapanda nchi kavu kula majani.

Wa kupeleka nyumbani atumbuliwe na kutiwa chumvi huko huko, afungwe kwa majani ya mgomba ndani ya kikapu kinachopitisha hewa. Kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, jua la mteremko litamharibu kabla hujafika Kyondo. Kama safari yako ni ya kulala njiani, nunua aliyekaushwa kwa moshi.